Ethelwynn Trewavas: Mwanamke aliyewapa samaki wa maziwa yetu majina

KATIKA sebule nyingi za Ulaya, Marekani na Japani kuna matangi ya kioo ambamo samaki wa rangi ya samawati, manjano na zambarau huogelea chini ya taa za umeme, katikati ya mawe na mimea mibichi. Wengi wa samaki hao hawatoki katika bahari za mbali. Asili yao ni maziwa ya Afrika Mashariki: Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi, pamoja na Tanganyika na Viktoria.

Wafugaji wao huwatambua kwa majina ya Kilatini. Katika vitabu vya elimu ya wanyama, jina la aina hiyo hufuatwa na jina la mtaalamu aliyelitoa pamoja na mwaka alioutangaza uamuzi wake. Anayesoma orodha ya samaki wa maziwa yetu hukutana na jina moja tena na tena: Trewavas.

Mwenyewe alikuwa Ethelwynn Trewavas, Mwingereza aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho jijini London, na ambaye aliaga dunia mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 92. Kwa zaidi ya nusu karne, yeye ndiye aliyeamua samaki yupi ni yupi katika maji ya ukanda huu.

Kwa mkazi wa Gatuanyaga, mashariki mwa mji wa Thika, habari za mwanamke huyu zaweza kuonekana kuwa za mbali. Hata hivyo, Mto Athi unaoporomoka pale Fourteen Falls, chini ya Kilimambogo, una perege wake wa asili. Wataalamu humwita Oreochromis spilurus niger, neno la mwisho likimaanisha mweusi. Perege huyo ni miongoni mwa samaki ambao Bi Trewavas aliwachunguza kwa miaka mingi. Yaliyompata samaki huyo alipohamishiwa Ziwa Naivasha yanaonyesha ni kwa nini kazi ya kutoa majina si mchezo wa wasomi.

Maisha ya awali

Bi Trewavas alizaliwa Novemba 5, 1900, katika mji wa Penzance, jimbo la Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa Uingereza. Mji huo uko kando ya bahari na wenyeji wake wengi walitegemea uvuvi. Wakati huo reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka mmoja tu uliotangulia, na haikuwa bado imelifikia Ziwa Viktoria.

Alisoma masomo ya juu mjini Reading, kisha akafundisha kwa muda. Baadaye alihamia London, alikofanya kazi katika chuo cha wanawake kilichokuwa tawi la King's College huku akiendelea na utafiti wake mwenyewe. Utafiti huo haukuhusu samaki. Alichunguza zoloto na mifupa ya ulimi ya vyura, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1933 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza.

Kazi hiyo ilimfunza jambo lililomfaa maisha yake yote. Alijifunza kutazama kiungo kidogo, kukilinganisha na kingine kinachofanana nacho, na kutambua tofauti ambayo jicho la haraka haliioni.

Aliyemvuta katika elimu ya samaki ni Charles Tate Regan, bingwa wa samaki aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya London kuanzia mwaka 1927. Bi Trewavas alikuwa msaidizi wake wa utafiti. Mwaka 1932 wawili hao walichapisha kitabu kuhusu samaki wa vilindi vya bahari ambao majike wao huvizia mawindo gizani kwa chambo king'aacho. Katika baadhi ya samaki hao, dume ni kidogo mno na hujing'ang'aniza kwenye mwili wa jike hadi nyama zao zikaungana.

Chupa kutoka Turkana

Mwaka 1930 na 1931 kikosi cha wanasayansi kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kikiongozwa na E. B. Worthington, kilizuru maziwa ya Kenya na Uganda. Kilirudi Uingereza na samaki waliohifadhiwa katika spiriti. Jukumu la kuwachambua wale wa jamii ya sikilidi, yaani perege na jamaa zao, alipewa Bi Trewavas. Ripoti yake ilitoka mwaka 1933.

Ndani ya ripoti hiyo alimpa jina perege wa ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkeno katika Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana. Alimwita vulcani, kwa kukumbuka volkeno hiyo. Aidha, alimtambulisha perege wa maziwa ya George na Edward nchini Uganda, mwenye madoadoa meupe, akamwita leucostictus. Yafaa msomaji alishike jina hili la pili, kwani litarudi.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Mtafiti hutoa samaki aliyepauka kutoka kwenye chupa, akahesabu miiba ya pezi la mgongoni, magamba ya ubavuni na meno ya koo. Hupima urefu wa taya na upana wa jicho. Kisha huchukua samaki wa pili, wa tatu na wa mia. Mwishowe huamua iwapo walio mbele yake ni aina moja yenye maumbo tofauti, au ni aina mbili zinazofanana.

Ilikuwepo kasoro moja ambayo hakuna mtaalamu wa makumbusho angeweza kuikwepa. Spiriti huondoa rangi. Samaki aliyekuwa wa buluu kama anga hugeuka kuwa wa kahawia, sawa na jirani yake aliyekuwa wa manjano. Wala chupa haiwezi kueleza samaki alizaaje, aliwalindaje watoto wake au aligombania jiwe gani.

Ziwa Nyasa

Mtihani mkubwa zaidi ulitoka kusini. Katika miaka ya 1925 na 1926 daktari Cuthbert Christy, aliyewahi kuchunguza ugonjwa wa malale nchini Uganda, alikusanya maelfu ya samaki kutoka Ziwa Nyasa na kuwapeleka London. Christy mwenyewe aliuawa na nyati nchini Kongo mwaka 1932, kabla hazina hiyo haijachambuliwa yote.

Bi Trewavas aliichambua. Mwaka 1935 alichapisha muhtasari wa sikilidi wote wa ziwa hilo waliojulikana. Haukuwa kitabu kinene wala hakikuwa na mapambo. Ulikuwa mfululizo wa maswali ya kumwongoza mchunguzi: je, meno yana ncha mbili au tatu, mdomo uko chini au mbele, milia imesimama au imelala? Kila jibu lilielekeza kwenye swali jingine hadi jina likapatikana. Makumi ya aina mpya yalipewa majina katika kurasa hizo.

Humo ndimo yalimotangazwa makundi ya Melanochromis na Labidochromis, majina ambayo leo kila mfugaji wa samaki wa matangi anayajua. Wakati huo hakuna aliyefikiria kuwa samaki hao wangefika sebuleni. Bi Trewavas aliwaandikia wanasayansi na maafisa wa uvuvi.

Mwaka huohuo wa 1935 aliajiriwa rasmi na makumbusho hayo. Miaka minne baadaye alipata nafasi ya kuyaona maji aliyokuwa akiyasoma kupitia chupa. Mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa waliofanya uchunguzi wa samaki na uvuvi wa Ziwa Nyasa, pamoja na Kate Bertram na H. J. H. Borley. Lengo lilikuwa la riziki: serikali ya wakati huo ilitaka kujua wakazi walikuwa wakipata chakula gani ziwani, na ziwa lingeweza kutoa kiasi gani bila kuharibiwa. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea.

Kutokana na safari hiyo alitambua kwamba samaki ambao wavuvi wa huko huwaita chambo hawakuwa aina moja. Mwaka 1941 alitangaza aina mbili. Mmoja alimwita karongae, kutokana na mji wa Karonga. Wa pili alimwita lidole, jina ambalo wavuvi wenyewe walikuwa wakilitumia. Wavuvi walikuwa wamekwisha kuona tofauti hiyo wakiwa ndani ya mitumbwi, naye akaipatia ushahidi wa mifupa na meno.

Kutoka chupani hadi tangini

Baada ya vita Bi Trewavas aliendelea kupanda ngazi. Mwaka 1958 alikuwa naibu msimamizi wa idara ya wanyama, cheo ambacho wanawake wachache walikuwa wamekifikia katika taasisi hiyo. Mwaka 1961 alistaafu. Kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu, kwani sehemu kubwa ya kazi zinazomfanya akumbukwe aliifanya baada ya hapo.

Katika miaka hiyohiyo jambo jipya lilikuwa likitokea. Samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa, ambao wenyeji huwaita mbuna, walianza kusafirishwa wakiwa hai kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Kufikia miaka ya 1970 biashara hiyo ilikuwa imeshamiri, na kutoka Burundi Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha wale wa Ziwa Tanganyika. Samaki mmoja mwembamba mwenye mkia wa nyuzi ndefu, ambaye Bi Trewavas na Mbelgiji mwenzake Brichard, Max Poll, walikuwa wamemweleza mwaka 1952, alipewa na Poll mwaka 1974 jina la brichardi. Hadi leo ni mmoja wa samaki wapendwao sana na wafugaji.

Bi Trewavas naye alikuwa amekwisha kuenziwa. Mwaka 1956 Geoffrey Fryer, aliyekuwa akitafiti miamba ya ziwa hilo, alimwita mbuna mmoja mwenye pua iliyochongoka kwa jina la Labeotropheus trewavasae. Samaki huyo huuzwa katika maduka ya miji mingi duniani, na wengi wanaomnunua hawajui kwamba wanatamka jina la mwanamke wa Penzance.

Tangi la kioo lilionyesha yale ambayo chupa ilikuwa imeyaficha. Mfugaji aliweza kumwona dume akichimba shimo mchangani, akitandaza mapezi yake na kumwita jike. Aliweza kumwona jike akitaga, akayaokota mayai yake kwa mdomo na kuyabeba kwa takriban wiki tatu bila kula vya kutosha, hadi vifaranga wakatoka. Aliona rangi zilivyobadilika kwa hasira, kwa hofu na kwa uchumba.

Vilevile tangi lilifundisha kwamba maji yana masharti yake. Maji ya Nyasa na Tanganyika yana chumvichumvi za madini na huelekea kwenye ualkali, hivyo mfugaji mwenye maji laini huweka mawe ya chokaa. Tangi jipya halipokei samaki siku hiyohiyo. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, na huchukua wiki kadhaa kwa bakteria wa kuivunja kujijenga kwenye changarawe na kichujio.

Mimea hai husaidia. Hufyonza sehemu ya taka hizo na hutoa oksijeni wakati wa mwangaza, ingawa usiku nayo huitumia. Tatizo ni kwamba mbuna hula majani na wengi wa sikilidi hung'oa mizizi. Kwa sababu hiyo wafugaji huchagua mimea migumu. Baadhi hupanda Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ambayo humea pia katika maziwa yenyewe. Wengine hufunga juu ya mawe mmea wa Anubias kutoka misitu ya magharibi na kati mwa Afrika, ambao majani yake ni magumu kutafunika.

Kitabu cha perege

Bi Trewavas hakudharau elimu iliyotokana na samaki hai. Kazi yake kubwa kuliko zote iliutumia mwenendo wa samaki pamoja na mifupa yao.

Kwa muda mrefu perege wote walikuwa wametiwa katika kapu moja liitwalo Tilapia. Watafiti kama Rosemary Lowe-McConnell, aliyefanya kazi Nyasa na baadaye Jinja nchini Uganda, walikuwa wameonyesha kwamba samaki hao huzaa kwa njia tofauti. Wapo wanaotaga juu ya ardhi na kulinda mayai. Wapo ambao mayai hubebwa mdomoni na baba, au na wazazi wote wawili. Wapo pia ambao ni mama pekee anayebeba.

Mwaka 1973 Bi Trewavas aliwatenga wanaobeba mdomoni katika jenasi ya Sarotherodon. Mwaka 1982 alikwenda hatua moja zaidi na kuwaweka wale wanaolelewa na mama pekee katika jenasi ya Oreochromis. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 82, alichapisha kitabu chenye kurasa zaidi ya 500 kuhusu samaki hao.

Kenya imo katika kitabu hicho kwa wingi. Perege wa Ziwa Baringo alipewa jina la baringoensis na yule wa Mto Suguta akaitwa sugutae. Yule wa Magadi, anayestahimili maji ya magadi yenye joto la kuunguza mkono, alipangiwa mahali pake. Ngege wa Ziwa Viktoria, aliyepewa jina la esculenta na Michael Graham baada ya uchunguzi wa miaka ya 1927 na 1928, aliwekwa miongoni mwa Oreochromis. Na perege mweusi wa Athi akaunganishwa na ndugu zake wa pwani kama tawi la spilurus.

Anayefuga perege kidimbwini anaguswa moja kwa moja na kazi hii. Perege huzaana haraka mno, na kidimbwi kikijaa samaki hudumaa. Mwaka 1960 Charles Hickling, aliyekuwa akifanya majaribio Malacca, alitangaza kwamba dume la perege aliyeletwa kutoka Zanzibar akipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume. Ilionekana wazi kwamba hao si aina moja. Mwaka 1966 Bi Trewavas alimpa samaki huyo wa Zanzibar, ambaye asili yake ni Mto Wami huko Tanzania Bara, jina la hornorum.

Msiba wa Naivasha

Hapa ndipo habari za makumbusho ya London zinapokutana na mto wa Gatuanyaga.

Ziwa Naivasha lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili iliyorekodiwa, kisamaki kidogo mwenye jicho ling'aalo, wa jamii ambayo wafugaji wa matangi huipenda. Mwaka 1925 perege mweusi alichukuliwa kutoka Mto Athi na kutiwa ziwani humo, ili awe chakula cha samaki wawindaji kutoka Marekani ambao walowezi walitaka kuwavua kwa starehe. Mwaka 1956 aliletwa perege mwingine. Huyo alikuwa leucostictus, yuleyule wa George na Edward ambaye Bi Trewavas alikuwa amemtangaza mwaka 1933.

Majina yao tofauti yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Aliyesoma ripoti angejua kwamba hizi ni aina mbili zilizotenganishwa na umbali mkubwa, ambazo hazikuwahi kukutana. Zilipokutana zilizaana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1971 ulithibitisha kwamba ziwa lilikuwa limejaa machotara. Mapema katika miaka hiyo ya 1970 perege wa Athi alitoweka Naivasha, damu yake ikiwa imemezwa na ya mgeni. Yule kisamaki wa asili naye alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962.

Mimea ilifuata njia hiyohiyo. Salvinia, mmea uelekeao wa Brazil uliosambazwa duniani kama pambo la vidimbwi na matangi, ulitanda Naivasha kuanzia miaka ya 1960. Gugu maji, lililotoka Amerika Kusini na kupendwa kwa maua yake ya zambarau, lilionekana Naivasha mwaka 1988, na miaka michache baadaye likaziba ghuba za Ziwa Viktoria upande wa Kenya.

Wafanyabiashara wa samaki wa matangi hawakusalimika na kosa hili. Huko Ziwa Nyasa baadhi ya mbuna walihamishwa kutoka pande za mbali na kuachiliwa karibu na kisiwa cha Thumbi Magharibi, ili iwe rahisi kuwakamata kwa ajili ya kuwasafirisha. Walikaa, wakaongezeka, na baadhi yao wakazaana na wenyeji. Kisiwa hicho kimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1980 na kutambuliwa na UNESCO mwaka 1984 kuwa urithi wa dunia, hasa kwa sababu ya samaki wake.

Mto Athi na vijito vya Thika vimo katika hatari iyo hiyo. Perege anayefugwa kwa wingi katika vidimbwi vya Kenya ni yule wa Nile, na mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009 ulichimba maelfu ya vidimbwi vipya nchini, zikiwemo sehemu za kati. Ukingo ukibomoka wakati wa mvua za masika, samaki hao huingia mtoni. Katika Ziwa Viktoria perege wa Nile aliletwa miaka ya 1950, na leo ngege wa asili hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli.

Miaka ya mwisho

Uzee haukumtoa Bi Trewavas kazini. Mwaka 1984 alichapisha nchini Ufaransa, katika jarida la elimu ya matangi ya samaki, mapitio ya mbuna na maelezo ya mmoja wa jamii ya Aulonocara, samaki wa rangi za tausi ambao wafugaji walikuwa wakiwagombania kwa majina ya kibiashara. Mtaalamu aliyeanza na chupa sasa alikuwa akiandika katika jarida lililosomwa na wenye matangi.

Mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 88, alitoa kitabu pamoja na David Eccles, kilichochapishwa Ujerumani Magharibi. Humo kapu kubwa la samaki wa Nyasa lililoitwa Haplochromis lilipasuliwa na kugawanywa katika jenasi nyingi mpya. Mojawapo ni Nimbochromis, alimo yule samaki aliyepewa jina la Livingstone, ambaye hulala ubavu chini ya ziwa kama mzoga hadi vidagaa wakaribie kumdonoa, kisha akawameza.

Miaka minne baadaye, mwezi wa Agosti 1993, Bi Trewavas aliaga dunia. Mpangilio wake wa Oreochromis ndio unaotumiwa hadi sasa na vituo vya ufugaji wa perege kote ulimwenguni. Baadhi ya maamuzi yake yamerekebishwa, hasa tangu wataalamu walipoanza kusoma vinasaba, lakini wanaoyarekebisha huanzia kwenye maandishi yake.

Kwa anayetaka tangi la samaki nyumbani, awe Gatuanyaga, Ruiru au Nairobi, maisha ya mwanamke huyu yanaacha maagizo ambayo hayahitaji shahada. Ajue jina kamili la samaki anayemnunua na ziwa alikotoka. Asichanganye ndugu wa karibu tangini na kuwauza machotara wao kama aina halisi. Akichoka, ampe mfugaji mwingine samaki wake, na mimea iliyozidi aikaushe juani kabla ya kuitupa.

Asimwage tangi lake mtoni wala kwenye mtaro uendao mtoni. Naivasha ilihitaji miaka isiyozidi 20 tangu mgeni aliporuhusiwa kuingia hadi perege wa Athi alipofutika ziwani humo. Katika Athi yenyewe, na katika vijito vinavyouelekea, perege huyo bado ana nafasi ya kubaki yeye mwenyewe.